Ratili Hamsini

Mizani ilikuwa ya kupimia nguruwe. Orrin Tackett aliinunua mnadani, siku walipouza vitu vya jirani aliyefilisika, akaiweka gereji karibu na mlango. Kila Ijumaa jioni mkewe Darla alivua viatu akapanda juu yake. Pande zote ilikuwa na uzio mfupi wa vyuma ili mnyama asishuke kabla hajapimwa. Darla alikuwa amezoea kuushika uzio ule, na Orrin alikuwa amezoea kumwambia auachie.

"Achia, Darla. Unajibeba kwa mikono."

"Nimeachia."

"Na hicho kidole."

Akakiondoa kidole. Orrin akakisukuma kile kipande cha chuma kwenye mkono wa mizani, kikapita pale alipotaka kisimame, akaendelea kukisukuma. Kisha akapiga mluzi.

"Mia moja themanini na mbili. Mke wangu, hivi kule shuleni unawapikia watoto chakula au unawala wao?"

Binti yao, Renae, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu ameinyoosha. Baba yake alimtazama ili acheke, akacheka. Darla naye akacheka, kwa sababu kucheka kulimaliza mambo haraka kuliko kunyamaza.

Nyuma yao lilisimama gari, Chevelle ya mwaka sabini, rangi ya bluu iliyokolea. Orrin alikuwa nalo kabla hajaoa. Lilikuwa limevuliwa kila kinachovulika. Kiti cha nyuma kilikwenda kwanza, kisha redio, kisha kipasha joto, mazulia, na bampa za chuma ambazo zilipata badala yake za plastiki nyepesi. Hata vyuma vilivyoshikilia kiti cha dereva Orrin alivitoboa matundu mpaka vikafanana na jibini. Watu wote waliokimbiza magari kwenye uwanja wa Kettle Creek waliijua hesabu ya uzito jinsi wanavyoijua sala ya chakula: punguza ratili mia, utapata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Orrin alikuwa akiipata sehemu hiyo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kwa bisibisi na kwa tindo.

Alichokitaka ni kumi na moja. Gari lake limalize robo maili kwa sekunde kumi na moja na kitu, kitu chochote kile, ili asiwe tena miongoni mwa wale wa kumi na mbili wanaoegesha mwisho wa uwanja karibu na vyoo. Kiangazi cha mwaka uliopita, Darla akiwa kwenye usukani, gari lilipita kwa kumi na mbili nukta sifuri nne. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko kile kilichobaki. Tangu siku hiyo Orrin hakuwa akilala vizuri, na alipokosa usingizi alimtazama mkewe jinsi anavyoitazama bampa.

"Renae," akasema sasa. "Hebu panda wewe."

"Mimi?"

"Kuna Renae mwingine?"

Renae alikuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi kwenye duka la misumari na rangi. Alipanda na viatu vyake, na hakushika uzio. Chuma kikarudi nyuma, kikarudi tena, kikasimama kwenye mia moja thelathini na mbili.

Hesabu ile haikuhitaji kalamu. Ratili hamsini ni nusu ya mia, na nusu ya mia ni nusu ya ile sehemu ya kumi. Iondoe kwenye kumi na mbili nukta sifuri nne, utabakiwa na kumi na moja nukta tisini na tisa. Darla aliiona hesabu ikifika mwisho usoni mwa mumewe. Kisha akaiona ikifika mwisho usoni mwa binti yake, na hilo ndilo lililomshtua.

"Baba, mimi nimeliendesha mara tatu tu maishani. Tena polepole."

"Una miguu miwili?"

"Ninayo."

"Basi. Kesho nakupa mipigo mitatu." Mpigo, ndivyo walivyoita kulikimbiza gari mara moja kutoka mstarini hadi mwisho wa robo maili. "Ukishindwa yote mitatu, mama yako anarudi kitini, na tunamaliza msimu mwezi wa kumi kama tulivyozoea. Ukiweza hata mmoja, kiti ni chako moja kwa moja." Akamgeukia mkewe, na sauti yake ikawa ya upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Si ugomvi, Darla. Ni uzito."

"Nimesikia," alisema Darla, akainama kutafuta viatu vyake.

Miaka tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kile. Alikaa mara ya kwanza kwa mzaha, siku goti la Orrin lilipovimba na kukataa kukunjika, na gari likapita kwa kasi ambayo Orrin hakuwahi kuipata. Orrin alimbeba juujuu mbele ya watu, akamzungusha huku akilipaza jina lake. Darla alikwenda chooni akalia, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kulipaza jina lake isipokuwa kwa kumkaripia. Siku za kazi alivaa wavu kichwani na kuwapakulia watoto viazi vya kuponda, na watoto walipita mbele yake bila kuinua macho. Lakini kila Jumamosi spika za uwanja zilimwita Darla Tackett, na wanaume wenye mikono ya grisi walisogea pembeni apite. Ndani ya gari lile hakumwomba mtu yeyote radhi. Ilikuwa ni sekunde kumi na mbili tu kwa kila mpigo, na alikuwa akiishi kwazo wiki nzima.

Jumamosi ile jua la mwisho wa Septemba lilikuwa kali utadhani ni Julai. Mahindi ya pande mbili za uwanja yalikuwa yamekauka, yakichakacha kila gari lilipopita. Akina Tackett waliegesha mahali pao pa siku zote, kando ya Gil Lemaster na Nova yake ya manjano. Gil alikuwa mtu wa maneno mengi, na mdomo wake haukufungwa hata alipokuwa chini ya gari.

Alimwona Darla akibeba mifuko ya barafu. Barafu ile huwekwa juu ya injini kati ya mpigo na mpigo ili ipoe, kwani injini iliyopoa huvuta hewa nzito na kupata nguvu zaidi. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya Renae.

"Shem," Gil akaita, "mbona dereva ndiye anabeba barafu? Umefukuzwa kazi?"

"Amepandishwa cheo," Orrin akajibia. "Sasa ni meneja wa barafu."

"Aa, hiyo kazi inamfaa. Barafu haiangalii unene wa mtu."

"Ila na yeye asiilalie, itayeyuka yote."

Walicheka wote wawili. Renae alikuwa akijaribu helmeti ya mama yake, ikamzunguka kichwani kama sufuria.

"Inachezacheza," akasema.

"Kichwa cha mama yako nacho kina uzito wake," alisema Orrin, na akachana tambara akalitia ndani ya helmeti mpaka ikakaa.

Renae akamshika mama yake mkono, akamvuta upande wa pili wa gari. Mikono yake ilikuwa ya baridi. "Mama, niambie nifanye nini. Usinifiche kitu."

Darla alimweleza. Alimweleza pa kuyalowesha matairi ya nyuma, na jinsi ya kuyazungusha papo hapo yapate joto, mpaka anuse moshi mtamu, wala si ule mchungu. Alimweleza kwamba gia asizibadilishe kwa kuutazama mshale wa kasi ya injini, azibadilishe kwa kusikiliza. Alimweleza yote haya vizuri kabisa, kama anavyoeleza mapishi. Kisha maelezo yakafika kwenye taa za mstarini.

Pale mstarini kuna miale miwili ya mwanga inayokatiza njia, mmoja nyuma ya mwingine, karibu na ardhi. Tairi la mbele likiukata wa kwanza, taa ndogo ya juu inawaka. Likiukata wa pili, inawaka ya chini yake, na dereva yuko tayari. Lakini saa haianzi kuhesabu taa ya kijani inapowaka. Saa inaanza pale tairi linapoutoka ule mwale wa pili. Anayesimama punde tu taa ya pili inapoanza kupepesa, ukingo wa tairi lake ndio tu umeugusa mwale. Anapoondoka, tairi zima bado halijaupita, na gari linapata shubiri nzima ya kukimbia bure kabla saa haijajua. Anayejisogeza mpaka ndani ameitupa shubiri hiyo.

Watu wengi waliyajua haya kwa kusikia. Kuyafanya ndani ya Chevelle ile lilikuwa jambo jingine. Injini yake ilinguruma kwa vishindo, ikalivuta gari mbele hata bila kukanyagwa, kama mbwa aliye kwenye mnyororo. Orrin enzi zake alikuwa akirukia taa zote mbili kwa pamoja. Darla alijifundisha kuishika breki kwa mguu wa kushoto na kuiachia unywele kwa unywele. Siku ile ya kwanza Orrin alipombeba juujuu, gari lilikuwa limepunguza sehemu mbili za kumi, ilhali tofauti ya uzito kati yao ilitosha sehemu moja tu. Orrin, mtu wa hesabu, hakuwahi kuuliza hiyo nyingine ilitoka wapi. Darla alingoja aulize, mwaka wa kwanza, wa pili, kisha akaacha kungoja. Kikabaki kitu chake peke yake ndani ya nyumba ile.

"Na kwenye taa?" Renae akauliza.

"Sogea mpaka taa zote mbili ziwake," alisema Darla. "Halafu subiri kijani."

Wala halikuwa neno la uongo. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango la uwanja.

Mpigo wa kwanza ulikuwa kumi na mbili nukta sifuri tisa.

Orrin aliitazama karatasi ya muda waliyopewa kwenye kibanda cha saa, akaigeuza nyuma kana kwamba muda wa kweli uko upande ule. Akasema njia bado ina joto. Akapunguza upepo kwenye matairi, akampokonya Renae jaketi, akamvulisha mkanda wa suruali na saa ya mkononi.

"Umekula nini asubuhi?"

"Yai."

"Mayai mangapi?"

"Moja, Baba. Nakuapia."

Mpigo wa pili ulikuwa kumi na mbili nukta sifuri nane.

Darla alikuwa amesimama kwenye nyavu za uwanja, karibu na mstari. Aliyaona matairi ya binti yake yakiruka mpaka ndani kabisa ya miale, aliuona muda ukiwaka kwenye ubao, na utamu ukampanda kutoka tumboni hadi shingoni. Aliuonea aibu utamu ule, lakini hakuutema.

"Binti anakosea wapi?" Gil akamuuliza.

"Hakosei. Ni hali ya hewa tu."

"Hewa hiyohiyo naipita mimi kwa muda wangu uleule wa Jumamosi iliyopita."

"Basi labda hewa inakupenda wewe, Gil."

Gil akacheka, akamwacha.

Orrin hakucheka. Alikuwa amekwenda nyuma ya pikapu, akarudi na mifuko mitatu myeusi ya takataka na lile koti lake la kuwindia kulungu wakati wa theluji. Zamani shuleni alikuwa mwanamieleka wa wilaya, na jambo moja alilolihifadhi kutoka miaka ile ni jinsi ya kumpunguza mtu uzito mchana mmoja. Alitoboa tundu la kichwa na la mikono kwenye kila mfuko, akamvalisha Renae mmoja juu ya mwingine, kisha koti, kisha akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Niliwahi kupunguza ratili saba hivi," akasema, "na jioni nikamlaza chini kijana wa watu. Ingia kwenye pikapu. Vioo juu. Usinywe kitu."

"Baba, kuna jua."

"Jua ndilo tunalolitaka. Mama yako alikaa humo karibu kila Jumamosi msimu wa juzi, na hakufa. Au ulikufa, Darla?"

"Sikufa," alisema Darla.

Hakuwa amemwambia mtu kwamba msimu ule mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, wala kwamba Jumapili kanisani aliimba ameketi kwa kuwa akisimama aliona giza.

Renae akaingia. Mlango ukafungwa. Darla alikaa juu ya sanduku la barafu, pikapu mbele yake, akasubiri. Hakuwa na la kufanya. Ndilo jambo zuri la mchana ule: hakutakiwa kufanya lolote. Mpigo mmoja ulikuwa umebaki, na binti yake angerukia taa kama alivyorukia mbili za kwanza, na ratili tano za jasho zisingeleta hata robo ya kile kilichohitajika. Kiti kingerudi chenyewe.

Orrin akaja akasimama nyuma yake. Akamwekea mkono begani. Hakuwa amemgusa kwa wiki kadhaa.

"Naona ni wewe tena mwezi wa kumi," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto hana kitu. Mwepesi bure. Wewe ukipunguza mkate tu, Darla, mkate peke yake, mimi na wewe tutafika."

"Nitapunguza."

"Najua utapunguza. Wewe ni mtu wangu wa zamani."

Mkono ulikuwa wa moto na mzito, na Darla alitamani ubaki. Ulipoondoka alibaki akiusikia begani.

Ndani ya pikapu vioo vilikuwa vimeshika ukungu wa pumzi. Kwa muda mrefu uso wa Renae ulikuwa doa jekundu tu. Kisha mkono ukafuta kioo kwa ndani, na Darla akamwona vizuri. Wekundu ulikuwa umekwisha. Uso ulikuwa mkavu, wa rangi ya unga, midomo imepasuka katikati. Renae hakuwa analia, wala hakuomba mlango ufunguliwe. Alimwona mama yake, akainua kidole gumba, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejivunia kazi yake.

Darla aliinuka.

"Bado dakika kumi!" Orrin akapaza sauti kutoka chini ya boneti.

"Anakwenda haja."

"Vizuri. Na hiyo ina uzito."

Vyoo vilikuwa vya matofali, vina bomba moja la nje upande wa mahindi. Renae alitembea kama mlevi, akichakacha kwa mifuko yake. Darla akajaza chupa.

"Kunywa."

"Sitaki. Maji yana uzito, Mama."

"Kunywa, Renae."

"Nimekaa mle ndani muda wote ule! Unataka niupoteze bure?" Aliisukuma chupa, ikawamwagikia viatuni. "Unafanya makusudi. Unataka nishindwe."

Darla akaijaza chupa tena. Alijikuta anasema kabla hajaamua. "Kunywa yote, nikwambie gari linavyotaka. Usipokunywa, sisemi."

Renae alimtazama. Kisha akanywa, akapaliwa, akanywa tena mpaka chupa ikaisha. Pale pale karibu na bomba Darla akamwambia kuhusu mwale wa pili. Akachora kwa kisigino chake kwenye matope: hili tairi, huu mwale. Akamwambia mguu wa kushoto uishike breki vipi, gari litakavyovuta kama mbwa, na kwamba taa ya pili ikipepesa hata kidogo, asimame hapohapo kama amekanyaga nyoka.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Ni kiasi gani?"

"Kinatosha. Kinazidi ratili zako zote hamsini."

Renae akafuta mdomo. Rangi ilikuwa inamrudia taratibu. "Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Nilikitaka kiti."

Mahindi yakachakacha, kule njiani magari mawili yalikuwa yameondoka. Renae alingoja kelele zipite.

"Na mimi nakitaka," akasema.

"Najua, mwanangu."

Mpigo wa tatu walipewa jua likianza kuinama. Darla alirudi kwenye nyavu na mfuko wa barafu mikononi; alikuwa amesahau kuuweka chini. Chevelle ikayachoma matairi yake majini, ikatoka ndani ya moshi, ikasogea. Taa ya kwanza ikawaka. Gari likasimama, likavuta, likasimama. Likaingia unywele. Likaingia unywele mwingine. Orrin, pembeni ya njia, alikuwa akipunga mkono kwa hasira: sogea, sogea! Taa ya pili ikapepesa mara moja, ikashika, na tairi halikusonga tena.

Darla aliusikia mguu wake mwenyewe wa kushoto ukikaza ndani ya kiatu.

Kijani. Pua ya gari ikapanda, mlio ukawapiga watu kifuani, gia ya kwanza, ya pili pale pale inapotakiwa, kwa kusikiliza. Kisha mlio ukawa mdogo kule mwisho, na ubao ukawaka: kumi na moja nukta tisini na nane. Kwa chupa nzima ya maji tumboni.

Orrin alipiga magoti kwenye nyasi. Gil akatoka chini ya Nova yake akipiga makopo mawili ya mafuta kama ngoma. Watu wakaja mbio, na Delbert, mzee wa kutangaza, aliyeshuka kibandani mara mbili tu kwa msimu, akashuka na kipaza sauti chenye waya mrefu. Renae alipolirudisha gari, walimtoa dirishani kabla hajazima injini. Nywele zimemganda kichwani, mifuko myeusi bado ameivaa juu ya shati.

"Binti Tackett!" Delbert akanguruma, na spika zote za uwanja zikanguruma naye. "Gari hili limekaa kwenye kumi na mbili tangu mimi nina meno. Asubuhi ulikuwa unalivuta kama jembe. Tuambie, umelifanya nini?"

Renae akatazama huku na huku. Alimwona mama yake nyuma ya watu, barafu inamchuruzikia mikononi. Macho yao yakakutana, yakakaa. Darla hakutikisa kichwa, wala hakutabasamu, alisubiri tu. Kisha Renae akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama mbele yake huku machozi yakimtiririka hadharani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Uzito," alisema Renae kwenye kipaza sauti. "Baba alisema kweli tangu mwanzo. Ni uzito tu."

Orrin akakidaka kipaza sauti. "Mmesikia? Miaka tisa!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Miaka tisa nimetoboa vyuma, nimetupa viti, kumbe mzigo wenyewe nilikuwa naulisha mezani kwangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake waliokuwa wakimsogelea Darla kila Jumamosi kumuuliza habari za matairi walicheka, wengine wakiwa wamemwekea mikono mabegani, kwa wema. Gil peke yake hakucheka; aliacha kupiga makopo. Alimtazama Darla, kisha akarudi chini ya gari lake ingawa hakukuwa na chochote cha kufanya huko.

Darla akautandaza ule mfuko wa barafu juu ya injini, mahali pake, na kuusawazisha.

Jioni Orrin aliwanunulia wote chakula kwenye kibanda: mikate ya soseji iliyomwagiwa nyama ya kusaga na maharage, jibini juu, chipsi pembeni. Wakakaa kwenye meza ya mbao. Wapita njia walisimama kumpa Renae mkono. Renae alikuwa ameivuta sahani yake karibu, vidole tayari juu ya mkate, macho ameyafumba nusu kwa harufu.

"Tisini na nane," alisema Orrin, akitafuna. "Unajua nawaza nini? Mwezi wa kumi kuna baridi. Injini itavuta hewa nzuri. Tukipata ratili kumi tu kutoka mahali fulani..." Akamkagua binti yake kuanzia mabega hadi kiunoni, bila haraka, bila ubaya wowote. "Hata nane."

Vidole vya Renae vikatulia. Akaviondoa kwenye mkate kimoja kimoja, akavipangusa na karatasi. Kisha akaisukuma sahani mpaka upande wa pili wa meza.

"Kula wewe, Mama," akasema. "Wewe sasa uzito haukuhusu tena."

Darla aliitazama sahani. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Akauchukua mkate kwa mikono miwili, akauma, na ulikuwa mtamu sana, na alikuwa na njaa kweli. Aliula wote, akala na chipsi, na Renae hakuondoa macho yake mdomoni mwake mpaka alipomaliza.